Jinsi ya kujenga mji-dola wa pwani kwenye hadithi yako: anza na bandari, mfalme atafuata

Kama unaandika stori ya kubuni ya pwani ya zamani, yenye mji wake na sultani wake na ugomvi wake na mji wa jirani, na umekwama kurasa za mwanzo, soma hapa taratibu, nina mambo ya kukupa ambayo nimeyaokota kwa miaka ya kusoma na kutembea magofu.

Stori nyingi za vijana wetu zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zinaanza hivihivi: mfalme amekaa kiti cha dhahabu, ana askari elfu kumi, akikunja uso watu wanakatwa vichwa. Sasa huyo ni mfalme wa wapi jamani? Kilwa, Pate, Lamu, Mombasa, Malindi, Mogadishu, hii ni miji ambayo mtu mzima angeweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja na bado akawahi adhuhuri msikitini. Mfalme anajua nyumba ya kila mtu na kila mtu anajua deni la mfalme. Ukishalielewa hilo stori inaanza kupumua, kwa sababu mtawala wa mji-dola, yaani mji unaojitawala wenyewe kama nchi, kazi yake kubwa ni kusubiri. Anasubiri upepo, anasubiri pembe na dhahabu zitoke bara, anasubiri wazee wa mji wakubaliane. Kila kitu alichonacho kinapitia mikononi mwa mtu mwingine kwanza, na hapo ndo penye hadithi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza usimguse mfalme kabisa. Chukua karatasi, chora bandari, alafu weka upepo. Kaskazi inavuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, inaleta vyombo kutoka Arabuni, Uajemi na India, kisha inageuka kusi, kuanzia kama Aprili, inavirudisha. Ni kalenda ya mji mzima hiyo: lini kuna pesa, lini kuna njaa, lini watu wanaoa, lini mgeni amekwama miezi na ameanza kuzoeana na binti wa mwenyeji wake. Angalia Kilwa ilivyokuwa kubwa. Chombo kinachotoka Arabuni au India kwa kaskazi kinaweza kufika Kilwa na bado kikawahi upepo wa kurudi, ila ukitaka kushuka zaidi mpaka Sofala, kusini kwenye Msumbiji ya leo, kwenye dhahabu ya bara, msimu unakuishia njiani. Basi dhahabu ikawa inapandishwa kutoka Sofala kwa vyombo vya huku na inamsubiri mgeni Kilwa. Yaani ukubwa wa Kilwa ulitokana na umbali na tarehe, na mwandishi akilijua hilo hahitaji kubuni uchawi wa kueleza kwa nini mji wake una pesa. Jiulize tu, mji wangu uko wapi kwenye upepo, na nani anapita bila kusimama.

Alafu kuna bara, hapa wengi wanaruka. Mji wa kisiwani hauli dhahabu, unakula mtama na mpunga na kuku, na vinatoka ng'ambo kwa majirani ambao wakiamua kufunga njia mnalala njaa. Hata kisa cha kuanzishwa kwa Kilwa, kile cha Ali bin al-Hassan kutoka Shirazi, kinaanzia hapohapo: anakinunua kisiwa kwa mfalme wa bara kwa nguo, nguo za kukizunguka kisiwa chote, mfalme anachukua nguo zake anaenda, alafu wakati wa maji kupwa kisiwa kilikuwa kinafikika kwa miguu kwa hiyo wakachimba ile njia mpaka bahari ikaikata, mfalme akirudi na watu wake kukichukua tena kisiwa anakuta maji. Wanahistoria wengi wanakichukulia kama kisa cha asili, hawachukui kila neno kuwa lilitokea hivyo, lakini kwako mwandishi ni dhahabu tupu. Mji wako nao uwe na kisa kama hicho, na kiwe na deni ndani yake, kuna mtu alidhulumiwa siku ya kwanza na wajukuu zake bado wako ng'ambo wanaangalia taa za mji usiku.

Sasa majengo, na hapa naomba uingie kwa karibu kabisa maana ndipo msomaji anapokuamini au anapokuacha. Nyumba za mawe za pwani ni matumbawe na chokaa, chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni nyingi sana, na dari inabebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, kwa hiyo vyumba vinakuwa vyembamba, kama mita 2.5 hivi mpaka 3, virefu kama korido, hata tajiri wa mji analala kwenye chumba chembamba, utajiri wake anauonyesha ukutani kwenye vidaka, vile vishimo vya ukutani, vilivyopangwa sahani za Kichina. Ukiandika "ukumbi mkubwa wenye nguzo mia" nitajua hujaingia nyumba ya zamani hata moja. Mgeni anaishia dakani, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, au barazani, ndani kabisa ni kwa wanawake na wenyewe, na kutoka daka mpaka ndani kuna kona, makusudi, mtu wa njiani asione kitu. Fikiria hiyo inavyokusaidia kwenye stori ya siri! Mtawala anaongea na mjumbe wa Wareno barazani huku mamake amekaa nyuma ya kona anasikia kila neno.

Kuna jengo moja linavunja huu utaratibu, Husuni Kubwa ya Kilwa, karne ya 14, wakati wa sultani al-Hassan bin Sulaiman. Vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali linaloangalia bahari, uwanja mzima wa kuhifadhia bidhaa, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Nilikaa pembeni ya lile bwawa saa nzima, halina maji, lina majani makavu na mijusi, kingo zake bado zinaonekana vizuri, na kilichonishika ni kwamba jumba lile inaonekana halikumalizika na halikukaliwa muda mrefu. Sultani tajiri kuliko wote pwani, kajenga kitu ambacho mji haukuweza kukibeba. Mimi huyo ndo namwita mhusika, maana ana kiu, na kiu yake imebaki kwenye mawe.

Hatua inayofuata ni mgeni. Mji-dola unaonekana vizuri zaidi kwa macho ya anayeshuka chomboni, na tuna shahidi wa kweli, Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipita huku mwaka 1331. Mogadishu anaeleza chombo kikitia nanga vijana wanakuja na vimashua, kila mmoja ameshika sahani ya chakula imefunikwa, anampa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ndo mgeni wangu. Basi. Kuanzia hapo mgeni yule anafikia kwa huyo mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia, na mtu akimpunja au akauziana naye bila mwenyeji kuwepo, biashara hiyo haihesabiki. Yeye mwenyewe alipoambiwa wewe si mfanyabiashara, ni mwanachuoni, akapelekwa kwa shehe, ndivyo walivyomwita mtawala wao, akalishwa wali wa samli na mchuzi wa kuku na nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwenye maziwa, na achari ya ndimu na pilipili na tangawizi mbichi na maembe. Soma tena hiyo sahani iliyofunikwa. Ndani yake kuna ukarimu, kuna sheria ya biashara, kuna usalama wa mji na kuna ushindani wa familia, vyote kwenye kitendo kimoja cha kijana anayepanda ubavuni mwa chombo. Ukipata kitendo cha namna hiyo kwenye mji wako wa kubuni umeokoa kurasa kumi za maelezo.

Sasa ndo tumlete mtawala, na kwanza umpe jina la cheo sahihi, maana pwani haikuwa na cheo kimoja. Kilwa walikuwa na sultani, na waziri, na kadhi, na amiri. Unguja alikuwepo Mwinyi Mkuu, wa mwisho wao alifariki 1873, tayari kukiwa na Sultani wa Kiomani mjini kwa miaka mingi. Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, kulikuwa na majumbe na madiwani. Mombasa ilisimama juu ya Thenashara Taifa, taifa kumi na mbili zilizogawanyika Tisa na Thelatha, na anayetaka kutawala pale ajue kuongea na pande zote mbili. Lamu ndo inanipendeza kuliko zote, maana kwa muda mrefu haikuwa na mfalme, ilikuwa na wazee wanaokutana Yumbe, jumba la baraza lao, na makundi mawili, Zena na Suudi, yanapokezana uongozi kwa zamu. Ebu fikiria riwaya nzima inayotokea wiki ya kukabidhiana zamu! Na wanawake usiwaache nyuma ya pazia tu: Mombasa wanamkumbuka Mwana Mkisi kama mtawala wa mwanzo wa mji, Unguja ilikuwa na malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17, Pate karne ya 18 ilikuwa na Mwana Khadija.

Vitu vya enzi navyo vichague vizuri. Taji la dhahabu weka pembeni, chukua siwa, ngoma kuu, mwavuli, kiti, kilemba, viatu vya mti. Siwa ni baragumu kubwa, ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu na inazidi mita 2, ya Lamu ni ya shaba, zote mbili ziko makumbusho ya Lamu na ukisimama mbele yake unaelewa kwa nini watu waligombana juu ya nani ana haki ya kupigiwa. Kwenye stori yako siwa isipigwe siku ambayo ilitakiwa kupigwa, na kila mtu sokoni atajua kuna jambo. Sarafu pia, sarafu za shaba za Kilwa upande mmoja zina jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zinaleta vina! Mji ambao hata pesa yake ni shairi. Moja ya al-Hassan bin Sulaiman ilikutwa Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe, mbali kabisa bara, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na zilifikaje kule hiyo ni riwaya nyingine ambayo natamani mtu aiandike kwa Kiswahili.

Tabia ya mtawala sasa. Usimpe sifa, mpe jambo moja analoshindwa kulikataa. Huyohuyo al-Hassan watu walimwita Abul Mawahib, baba wa zawadi. Ibn Battuta alimuona siku ya Ijumaa anatoka kusali, maskini mmoja wa Yemen akamsimamisha akaomba nguo alizovaa, palepale, sultani akaingia nyumba ya khatibu akavua akavaa nyingine, akamwambia chukua. Watu wakamsifu sana, mwanawe akazichukua zile nguo kwa maskini akamfidia watu kumi, watumwa, na sultani aliposikia sifa zile akaagiza apewe wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Alipokufa akarithi nduguye Daud, na Daud, maskini akija, anamwambia aliyekuwa anatoa amekufa na hakuacha cha kutoa. Hapo una riwaya ya ndugu wawili imekaa tayari, na mimi nakuomba usimfanye Daud kuwa mbaya. Hazina imekwisha, jumba halijaisha, na anayelaumiwa ni yeye.

Na umeona lile neno, watumwa. Usilipitishe haraka. Wale watu kumi waliotolewa kama nguo walikuwa na majina, na mwandishi anayependa pwani kwa dhati anaandika na hao, aliyechoma chokaa, aliyebeba boriti, aliyesimama nyuma ya mlango na sahani. Mji wa mawe una mikono iliyoujenga, na ukiwaficha msomaji wa leo atawatafuta na atakuona wewe umewaficha.

Mtawala mwingine wa kujifunzia ni Muhammad Ankoni. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliingia Kilwa wakaipora, Amiri Ibrahim akakimbia, na Ibrahim mwenyewe hakuwa wa ukoo wa kifalme, alishika madaraka baada ya sultani halali kuuawa. Almeida akamsimika Ankoni na kumvisha taji ambalo Wareno walikuwa wamelibeba wampelekee mfalme wa Cochin kule India. Mzee huyu amevishwa taji la mtu mwingine, mji unafuka moshi, na anachoomba ni kwamba mrithi wake awe mtoto wa yule sultani aliyeuawa, siyo mwanawe yeye. Kwa nini? Anatubu? Anaogopa? Anamlinda mwanawe? Mwaka uliofuata Ankoni akauawa. Mimi nikifika hapa huwa naweka kalamu chini kidogo.

Adui usimtafute mbali. Wareno na Waomani ni kweli walikuja, ila miji hii ilipigana yenyewe kwa yenyewe kwanza, Mombasa na Malindi, Pate na Lamu, na mgeni mara nyingi aliingia kwa mlango uliofunguliwa na jirani. Mfano mzuri ni vita vya Shela, kisiwani Lamu, karibu mwaka 1812, Pate na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walishuka kuipiga Lamu, wakashindwa, na masimulizi yanasema walipokimbilia vyombo vyao maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani, wakauawa ufukweni. Lamu walishinda, na kwa hofu ya kulipiziwa kisasi wakamwita Seyyid Said wa Oman awalinde, akaleta liwali wake, yaani gavana, na uhuru wao ukaondoka. Kwa hiyo ukipanga vita kwenye stori, kwanza panga jedwali la maji kujaa na kupwa, alafu panga nini kitawapata washindi.

Lugha ya wahusika nayo iangalie. Usimtafsirie mfalme wa sinema ya Kizungu, hakuna mtu wa pwani aliyesema "mtukufu bwana wangu niruhusu nikupe kichwa cha adui". Waungwana wanaitana Mwinyi, Bwana, Mwana, Shehe, Fumo, kijana anaita mjomba na ami, na tusi kubwa linasemwa kwa fumbo au kwa shairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipigana vita vya Mazrui kwa mashairi, na beti zilivuka bahari kabla ya majahazi.

Kwa fasihi yenyewe mwalimu wangu ni kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani. Sultani wa Pate anamuogopa kwa sababu watu wanampenda, anamfunga, mama anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wanakula kizuri wanamuachia makombo. Basi Liyongo anaagiza mkate wa pumba, mkate mbaya ambao mlinzi hatautaka, na ndani ya mkate imo tupa ya kukatia minyororo. Ukali wote wa utawala ule umeshindwa na ulafi mdogo wa mlinzi. Na mwisho wake, baada ya mwanawe kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, amekufa amepiga goti na upinde mkononi karibu na kisima na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji. Mtawala ameshinda na mji wake una kiu.

Tujaribu sasa. Mji wa kubuni tuuite Fungoni, na sisemi kama una nguvu au hauna:

Kaskazi imebakiza wiki mbili na bandarini kuna chombo kimoja tu. Mwinyi Haji amekaa barazani tangu alasiri. Mtoto wa dadake anakuja mbio, miguu imejaa tope la mikoko.
"Mjomba, kuna tanga."
"Moja?"
"Moja."
"Linakuja?"
Mtoto anaangalia chini. "Linapita, mjomba."
Mwinyi Haji anamwambia akanawe miguu, kisha aende kwa mzee Shomvi, amwambie mjomba anaomba waonane baada ya isha. Mtoto ameshafika njiani anamwita tena. "Umesema nini utamwambia?"
"Unamwita."
"Naomba," anasema Mwinyi Haji. "Sema anaomba."

Hakuna kiti cha dhahabu hapo, hakuna askari, lakini umeshajua nani anadaiwa. Andika kurasa tatu za namna hiyo kabla hujaandika vita yoyote.

Na ukipata nafasi nenda Kilwa Kisiwani. Unafika Kilwa Masoko, unachukua kibali, unavuka kwa mashua au boti. Vaa viatu vigumu maana matumbawe yanakata, beba maji ya kunywa, na Husuni Kubwa iko mbali kidogo na magofu mengine kwa hiyo anza nayo mapema kabla ya jua kali. Kaa pale ukingoni kwenye jabali, angalia bahari upande ambao vyombo vilitokea, na usipige picha nusu saa ya kwanza.